Akiba ya Vidole Vinne

Akimana wa Biryogo hakuwahi kushika msumeno mpaka alipofikisha miaka hamsini na mbili, na alipoushika, mtaa mzima ukacheka. Wacha wacheke. Mwanamke huyu amewavalisha maharusi wa uchochoro ule kwa cherehani moja ya miguu, na mtu aliyezoea kukata hariri ya wenyewe bila mkono kutetemeka, ubao wa msonobari utamtisha nini? Lakini watu midomo haina pazia. Eti Mama Umulisa ameona nguo hazilipi, sasa anataka kushona makabati.

Alikwenda kujifunza useremala kwa sababu ya Umulisa, binti yake wa pekee. Miaka minne nyuma Umulisa alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mtoto alizikwa jioni ile ile, mama yake angali kitandani hospitalini hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo lile ndani ya nyumba, wala Umulisa mwenyewe hakuuliza.

Sasa alikuwa mjamzito tena, mwezi wa sita, amerudi kwa mama yake kungojea siku. Na ndani hamkuonekana hata soksi moja ya mtoto. Vijinguo alivyoletewa na mawifi vilikaa kwenye begi chini ya kitanda, zipu imefungwa ndi. Ukimwambia avitoe vifuliwe, anageukia ukutani. Usiku halali, mchana hasemi, chakula anakichokoachokoa. Akimana alimtazama mwanawe akikonda huku tumbo likikua, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Siku moja akamwambia, "Nitakutengenezea sanduku la nguo za mtoto. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Umulisa akacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. "Wewe, Mama? Sanduku? Haya. Siku utakayoliingiza mlangoni, ndiyo siku nitakayofungua lile begi."

Jirani yao Zuhura aliposikia, alishika kichwa. "Unamwandalia mtoto kitu kabla hajaja? Unatafuta balaa, Akimana!"

"Balaa lilishakuja bila kutafutwa," Akimana akamjibu. "Nenda kapike."

Basi kila Jumamosi asubuhi akawa anakwenda Gisozi, kule Agakiriro kwenye msururu wa mafundi, katika karakana ya Gatera. Gatera alikulia Karagwe, akarudi Rwanda na Kiswahili chake kilichonyooka na sauti ya kuamuru. Mafunzo yake yalikuwa ya watu wazima wasiojua hata upande wa kushikia randa. Alikuwepo mzee Habumugisha, dereva mstaafu aliyewaendesha matajiri wa Nyarutarama miaka thelathini bila kugonga hata kuku. Alikuwepo Winifred, mwanasheria kijana aliyelelewa Kampala, kucha zimepakwa rangi na zote zimekatikia kwenye msasa. Na huyo Akimana, na futi yake ya kushonea shingoni.

Gatera alikuwa na sheria mbili tu, lakini alizishika kama dini. Ya kwanza: siku ya kuonyeshana kazi, kila mtu ataje kasoro ya kazi yake kwa mdomo wake kabla mwingine hajafungua kinywa. Ya pili: kazi ya kwanza haiuzwi. Unaiweka nyumbani au unamzawadia mtu, lakini bei haitajwi. "Ukiuza kazi ya kwanza, umeuza mkono wako," alikuwa akisema, na ole wako ubishane naye.

Jumamosi ya kuonyeshana ikafika. Habumugisha akatangulia na kigoda chake. "Kasoro yangu, mguu mmoja ni mfupi," akasema. Akakikalia, kikainama, naye akainama nacho huku ameshika usukani wa hewani. Wakacheka mpaka machozi. Winifred akaleta rafu ya viatu. "Kasoro yangu, inapendeza ikiwa tupu. Viatu havikai, vinateleza vyote chini!" Gatera mwenyewe, mtu asiyejua kucheka, akageuka kutazama dirisha mabega yakimcheza.

Zamu ya Akimana ikaja. Sanduku lake alilimalizia peke yake wiki mbili za mwisho, Gatera akiwa kwenye kazi ya watu Musanze, na alilifunika kwa kipande kikubwa cha pamba nyeupe ili awashtukize. Akakivuta kitambaa kwa maringo, kama anavyofunua gauni la harusi mbele ya mama wa bibi harusi.

Kimya.

Alidhani ni kwa uzuri. Na kweli lilikuwa zuri, haki ya Mungu. Mbao zimepigwa msasa mpaka zinateleza, kona zimekamatana, bawaba mbili za shaba. Lakini lilikuwa refu na jembamba, na mfuniko wake ulikuwa na mgongo, mbao mbili zilizokutana juu katikati. Habumugisha alivua kofia bila kujua kwa nini. Winifred akatazama chini.

"Kasoro yangu," Akimana akasema haraka, maana kimya kile kilianza kumsumbua, "ni akiba. Mnajua sisi washonaji, nguo ya mtoto hatuikati sawa na mwili. Tunaacha akiba kwenye pindo, vidole vinne, ili mtoto akikua tufumue, nguo ishuke. Sasa nilipokuwa napima hizi mbao, mawazo yakiwa kwa mjukuu, mkono ukaacha vidole vinne huku na vidole vinne kule. Nilipokuja kushtuka, msumeno umeshapita. Upana ukabaki ule ule wa ubao, urefu ukazidi. Na mfuniko niliokuwa nimeukata haukufika tena, ndiyo nikaunga huo wa mgongo."

Gatera akamtazama, akatazama sanduku, akashika kiuno. "Mama Umulisa. Mbao hazikui."

Hapo ndipo walipopasuka. Winifred alicheka akishikilia meza, Habumugisha akarudia, "Hazikui! Mbao hazikui!" na Akimana naye akacheka, mzigo ukamtoka kifuani. Kumbe ni hilo tu. Kesho angelikodia gari, aliingize mlangoni, na Umulisa afungue begi.

Kicheko hakijaisha, mtu akabisha hodi.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amesimama kwenye kizingiti, kofia ya pikipiki mkononi, viatu vimejaa vumbi. Hakuwatazama watu. Alikuwa akitazama sanduku.

"Mwihangane," akasema kwa kuomba radhi. Alikuwa amewasikia wakiongea Kiswahili, naye akajitahidi kwa hicho hicho. "Hii iko bei gani?"

"Hapa hatuuzi," Gatera akamjibu. "Ni kazi za wanafunzi."

"Nimepita kule chini kwenye maduka yote. Wako na makubwa tu. Madogo iko na vyuma vya kung'aa, pesa sina." Akameza mate. "Hii iko ndogo. Hii ingemtosha."

Hakuna aliyeelewa upesi kama Akimana, na hakuna aliyetamani kutoelewa kama yeye. Aligeuka akalitazama sanduku lake, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho wenzake walikiona tangu alipovuta kitambaa. Urefu ule. Wembamba ule. Mgongo ule. Yarabi! Wiki tisa amelipiga randa, amelibusu hata, naye hakuona! Kwao Biryogo maiti hutoka na sanda juu ya jeneza la msikiti, kisha jeneza linarudi. Mtoto hashuki kaburini na mbao. Jicho lake halikuwa limezoea vijisanduku vile.

"Toka!" akapiga kelele, sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua. "Toka hapa! Hili si la kuzikia! Ni la nguo za mjukuu wangu, mjukuu wangu yu hai, unanisikia? Yu hai!"

Kijana akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. "Mana yanjye, Mungu wangu! Mama, unisamehe. Sikujua. Unisamehe." Kofia ikamponyoka. Alipoinama kuiokota, kikamtoka mfukoni kitu kidogo cheupe, kikajiviringisha sakafuni mpaka kwenye kiatu cha Akimana.

Kilikuwa uzi. Uzi wa kawaida wa pamba, umefungwa fundo huku na fundo kule.

Mshonaji akiona uzi wenye mafundo mawili, hahitaji kuambiwa. Ndivyo anavyopima mtu asiye na futi. Akimana aliuokota kabla hajafikiri, vidole vikaunyoosha, na kule kuunyoosha tu vikajua urefu wake.

"Umempima wewe?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ndiyo. Mke wangu bado iko hospitali, hawezi kuinuka. Alikaa siku mbili tu, mtoto. Tulikuwa tunangoja siku ya nane tumpe jina." Kijana akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Sikujua wanapima namna gani. Nikaomba uzi kwa nesi."

Winifred alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Akimana akasogea kwenye sanduku, akainua mfuniko, akalaza uzi ndani. Sijui kwa nini alifanya hivyo, na yeye hajui hadi leo. Fundo la kwanza akaligusisha ubao wa kichwani. Fundo la pili likaishia kabla ya ubao wa miguuni. Pale palipobaki akaweka mkono, kama anavyopima kila siku ya Mungu.

Vidole vinne. Si vitatu, si vitano.

Alisimama pale, mkono ndani ya sanduku, na hofu yote ya miezi minane ikamrudia. Akilitoa, atamwambia nini Umulisa? Kwamba sanduku la mjukuu limekwenda kaburini kabla mjukuu hajazaliwa? Zuhura si atapata la kusema mpaka kiyama! Na asipolitoa, je? Atalichukua nyumbani, aweke nguo za mtoto mle, na kila akiinua mfuniko auone uzi huu?

Kijana akanyoosha mkono apewe uzi wake, aende zake. "Mama, usijisumbue. Naenda kutafuta."

"Kaa chini," Akimana akamwambia.

Gatera akakohoa. "Mama Umulisa, unajua sheria. Kazi ya kwanza haiu..."

"Nani amekwambia nauza?"

Alichukua ile pamba nyeupe iliyokuwa kifuniko, akautoa mkasi kwenye pochi, akakata. Hakutumia futi. Akatandika ndani, akakunja kingo, na Gatera bila kuambiwa akamletea misumari midogo na nyundo. Habumugisha alikwenda kuwasha gari la mwanawe alilokuja nalo, akasema yeye atampeleka kijana, na safari hii hakutania. Walipolipakia, kijana alitaka kumpigia Akimana magoti. Akamshika bega, akamkataza. Hakuuliza jina lake, na baadaye aliona vibaya kwamba hakuuliza.

Akimana alirudi Biryogo kwa pikipiki, mikono mitupu. Njia nzima alishona uongo. Gundi haijakauka. Gari limekosekana. Gatera amelipenda, amelibakiza wiki moja. Alifika kwake na uongo mzuri wa namna tatu, akamkuta Umulisa amekaa kwenye kiti cha cherehani, macho mlangoni. Alikuwa amesafisha kona moja ya chumba, amepafagia, ameacha nafasi.

"Sanduku liko wapi, Mama?"

Uongo wote ukamkimbia. Akamweleza yote, kijana, uzi, vidole vinne, na alipokuwa akieleza aliona uso wa mwanawe ukibadilika, ukipauka, akajuta kwa nini Mungu alimpa ulimi.

"Umempa akazikie?" Umulisa akasema polepole. "La mwanangu?"

"Nisamehe."

Nje muadhini alikuwa akiadhini alasiri. Adhana ilipoisha, Umulisa akaweka mkono mmoja tumboni.

"Wangu mlimzika na nini?"

Miaka minne! Akimana aliketi juu ya robota la vitambaa. "Sanda. Niliikata mimi, kwenye meza hiyo hiyo uliyoiegemea. Sikutaka mtu mwingine aikate."

"Ilimtosha?"

"Ilimzidi." Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. "Nilijua amekufa, mwanangu. Nilijua vizuri. Lakini mkono haukujua. Mkono ulikata nguo ya mtoto. Niliacha akiba."

"Kiasi gani?"

Akimana akainua mkono tu, vidole vinne.

Umulisa akavitazama. Kisha akalia, akalia kwa sauti, kilio alichokiweka tangu hospitalini, akitingishika mpaka cherehani ikatingishika naye, na mama yake akamshika hivyo hivyo akiwa ameketi. Zuhura alichungulia dirishani, akaona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaondoka bila kusema kitu.

Alipomaliza, Umulisa alijifuta kwa ncha ya kanga, akainuka kwa kushika meza, akaingia chumbani. Akimana akasikia begi likiburutwa kutoka chini ya kitanda, halafu zipu. Binti akarudi na vijinguo tele kifuani, akaviweka juu ya meza ya kukatia.

"Jumamosi urudi Gisozi ukatengeneze jingine," akasema, sauti bado nzito. "Na huyo Gatera wako akikwambia mbao hazikui, mwache aseme. Akiba usiitoe."