Inakohoa Iko Ukurasa Gani

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mpiga chapa katika karakana moja ya serikali mjini Tabora. Kijiji kimoja karibu na Usoke kilikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, na barua ya serikali ilikuwa imeshawafikia wanakijiji: ikiharibika tena, inahamishiwa kijiji kingine. Akina mama wangerudi kwenye kinu na mchi.

Fundi wetu mkuu akaandika kitabu cha maelekezo, mimi nikakichapa. Alikipanga kwa majina ya vipuri, kwa alfabeti, maridadi kabisa. Akaagiza kikae kabatini kwa mwenyekiti wa kijiji, kisichafuke. Tukapanda treni kukipeleka.

Mama aliyeiendesha mashine alikuwa amejifunza kusoma juzijuzi tu, kwenye kisomo cha watu wazima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakifungua kitabu taratibu.

"Mwanangu, humu 'inakohoa' iko ukurasa gani?"

"Tazama pampu ya mafuta," fundi akadakia.

"Baba, ningejua ni pampu, ningekuwa natafuta nini?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana nilikuwa nimechapa kurasa zote zile bila kujiuliza swali hilo. Palepale nikakata shauri. Fundi alirudi mjini. Mimi nilibaki siku tatu, nikiandika malalamiko ya mama yule kwa maneno yake: inakohoa, inanuka mpira, unga unatoka wa moto. Niliporudi Tabora nikapanga kitabu upya, lalamiko kwanza, kipuri baadaye.

"Serikali haiandiki 'inakohoa'," fundi alifoka.

"Basi leo itaandika," nikamjibu, huku nachapa. Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Na kabatini hakikukaa. Kabati lilikuwa na kufuli, na mwenyekiti alikuwa na mikutano. Nilipokirudisha kijijini nilikitoboa tundu, nikakifunga kwa kamba kwenye nguzo, pembeni mwa mashine.

Baada ya mavuno tukasikia mashine imegoma. Tulikwenda na lori la kuihamisha, roho yangu juu juu njia nzima. Tukaikuta inasaga.

Kitabu kilikuwa cheupe kwa unga. Mwishoni palikuwa na mwandiko wa mama yule kwa penseli, herufi kubwa kubwa: INALIA KAMA PAKA. MAHINDI HAYAJAKAUKA. ANIKA. MKANDA USIGUSE.

Fundi alisoma mara mbili. Yeye, kwa kusikia mlio ule, angeukaza mkanda wa mashine mpaka ukatike, na alijua kwamba najua. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Akamwambia dereva ageuze lori, kisha akachomoa kalamu na kunakili yote kwenye daftari lake, pamoja na paka.