Wimbo Uliotoka Nyuma ya Mbao

Asifiwe Mungu, aliyeniachia masikio mazima katika uzee huu.

Marehemu mke wangu aliuza ndagala, yaani dagaa, sokoni Kadutu na kuimba katika kwaya ya akina mama wa parokia. Kabla hajafa aliwafundisha wenzake wimbo mfupi wa baada ya komunyo: "Bwana, nibebe hadi nyumbani." Walipomuuliza umetoka wapi, alijibu tu, "Umenijia nikiwa ku meza yangu." Kwetu, wimbo usiojulikana mtunzi wake tunasema Roho ameutoa. Tukasema hivyo, na ukapangwa kuimbwa Jumapili katika misa ya kumkumbuka.

Ijumaa nilipita mahali alipouzia. Nyuma ya meza yake, ng'ambo ya ukuta wa mbao, kuna chumba cha michezo ya video. Nikausikia wimbo ule ule, bila maneno. Nikasukuma mlango.

Vijana walikuwa wameshusha mikono, maana mtu akifa mchezo hujiendesha wenyewe kama filamu. Kwenye televisheni, askari alikuwa akimbeba mwenzake aliyekufa.

"Muziki huu ni wa nani?" nikauliza.

"Ya mu jeu, huu mchezo, Papa," akajibu binti anayesimamia chumba. "Inalia kila mara mutu anakufa. Unataka kucheza? Hawa watakupiga vibaya!"

Wakacheka.

"Mke wangu aliuimba kanisani. Yule wa ndagala."

Binti akanigeukia.

"Maman wa ndagala? Alikuwa anagonga ku mbao: 'Muongeze sauti, wanangu!'"

"Aliingia humu?"

"Hapana, hata siku moja. Alikuwa anaogopa kutuletea harufu ya ndagala."

Nikatazama tena televisheni. Hakuiona kamwe picha ile ya askari, na bado aliweka neno "nibebe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa kwaya, nikamweleza yote. Alishika kichwa.

"Yesu! Muziki wa jeu, juu ya altare? Papa, tuimbe ao tuache?"

Mwenye wimbo sikumjua tena, lakini aliyeusikiliza kupitia mbao nilimjua.

"Muimbe," nikasema.

Jumapili waliuimba. Binti na wachezaji wake walisimama karibu na mlango, na hakuna aliyecheka.

Wewe unayesoma, Bwana akubebe popote utakapochoka, akufikishe kwako salama.