Moshi Ulioshika Paa

Wala siiogopi hiyo gesi yenu, msinicheke. Juzi mjukuu wangu kaiwasha hapa Karatu, maharage yakachemka na hakuna aliyetokwa machozi. Nikakumbuka kwetu Rhotia.

Moto ulikuwa ndani, na juu yake mahindi ya mbegu yalining'inia meusi, yananuka moshi. Bibi, mama yake baba, alisemea puani: "Moshi ndio unaoshika nyumba! Ukitoka, mchwa wanakula paa, linatuangukia!" Mimi nikaelewa kwamba moshi umelibeba paa kichwani, kama mama anavyobeba kuni.

Mchana mmoja mdogo wangu, huyu huyu mzee anayewapigia kelele kanisani, alikuwa mchanga. Akakohoa, kho, kho, mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama akazungushia kanga figa la kwanza, akalinyanyua alipeleke nje, moto uhamie huko. Bibi akaziba mlango.

"We mwanamke! Unataka kutuulia nyumba?"

Nikakimbilia nguzo, nikaikumbatia kwa nguvu ili paa lisije likaanguka.

Mama hata hakupaza sauti.

"Nipishe, mama. Nyumba ikianguka tutajenga. Mtoto hajengwi."