Urugori wa Goreti

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya picha pale Gitega, Mhifadhi Mkuu alinisimamisha mbele ya ukuta. "Usikimbilie uso," akasema. "Uso huongopa kama mchuuzi wa sokoni. Tazama kwanza pale mchoraji alipoiacha karatasi." Kazi yetu iliitwa uelezaji: kumfasiria mgeni hisia ya picha na maana ya vilivyomo. Ninyi vijana husoma kibandiko mkapita. Sisi tulisimama na mgeni mpaka aone.

Vita ilipochachamaa nilihamishiwa kituo cha Muyinga na picha chache. Moja ilikuwa ya rangi za maji: mwanamke kijana, shingo imeinama, buluu imechuruzika mashavuni, na kichwani urugori, ule ukanda wa bua la mtama anaovaa mwanamke aliyekwisha zaa. Ilichorwa kwenye njia ya Kobero, watu walipokuwa wakikimbilia Tanzania. Mchoraji naye alivuka, hakuna wa kumwuliza. Mimi niliiita picha ya huzuni. Msimamizi wa Kituo alinitaka niseme ni ya amani.

Asubuhi moja aliingia mama aliyekimbia kwao Giheta. Alipoifikia picha ile, akashika ukuta.

"Huyu ni Goreti wangu! Alipotea na bwana yake, mimba iko kubwa. Muzee, hii urugori ni ya kweli? Alizaa?"

"Mama, hiyo ni dekori tu," Msimamizi akadakia. "Wachoraji wanaongezaka."

Nilimkasirikia, ingawa hakusema uongo. Wengine waliwavika urugori hata wasichana ili picha iuzike, wakiupaka kwa rangi nzito juu ya nywele. Nikasogea karibu. Katika rangi za maji weupe haupakwi, huachwa, na ukanda huu ulikuwa karatasi tupu, umeachiwa nafasi tangu mwanzo, haukuongezwa baadaye. Tena ulikaa upande, umelegea. Pambo la kubuni huwekwa sawasawa. Niliogopa. Nikikosea, nitakuwa nimempa mjukuu asiyekuwapo.

"Mama," nikasema, "alipochorwa alikuwa ameuvaa."

Nimestaafu sasa, na sijui kama Goreti alirudi. Jambo hilo huniuma. Wakiniuliza hisia ya picha ile, nawasimulia ya kesho yake. Kwetu mwanamke aliyejifungua haendewi mikono mitupu. Ndugu humpelekea chakula apate nguvu, nasi huita guhemba. Mama yule alirudi na kikapu cha unga wa ulezi. Msimamizi, aliyekataza hata maji ya kunywa mle ndani, akakitandikia kitambaa cha meza yake. Mama akakiweka chini ya picha, akapiga magoti.

"Mwana wangu, unisamehe," akasema. "Nimechelewa kukuhemba."