Wazee wa Keya na Lori la Pamba

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Magu, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, katibu wa tawi alipotuita vijana ofisini kwake. Alitueleza kwamba wazee waliopigana Vita vya Pili, wale tuliowaita wazee wa Keya kwa kuwa walikuwa askari wa Mfalme wa Uingereza, wangepelekwa Mwanza mjini siku ya kuwakumbuka mashujaa. Tangu warudi vitani hawakuwahi kualikwa popote. Alitaka vijana wa kujitolea, kila mmoja amwangalie mzee mmoja, asianguke, asipotee, asishinde na njaa.

"Ni watu wazima sana," alisisitiza. "Mkiwarudisha na kasoro, mtajieleza wenyewe kwa wake zao."

Mimi nilipewa mfugaji mmoja mrefu, mwembamba, aliyeishi nyuma ya shule. Kijiji kizima kilimjua kwa koti lake zito la jeshi, ambalo halikumtoka mwilini masika wala kiangazi. Asubuhi ya safari nilimfuata nikiwa na kapu lenye aspirini, maji na viazi vya kuchemsha, na mkononi nimeshika kigoda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Kigoda cha nani hicho?"

"Chako, babu. Ukichoka ukalie."

Alikitazama, akakitia begani kwake, akatangulia. Mkewe alitoka jikoni akaniita pembeni. "Mwambie avue hilo koti, atapikika humo ndani. Mimi nimeshindwa tangu aliporudi." Nilitaka kumwambia, lakini kwanza ilibidi nimfikie. Nilipofika barabarani nikiwa natweta, nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda ananisubiri.

Usafiri wetu ulikuwa lori la chama cha ushirika, mbao zake bado zina manyoya ya pamba. Wazee walikuwa saba. Mara tu lori lilipoondoka walianza kuimba nyimbo za kuruta, nyingine zina maneno ambayo sisi vijana tulijifanya hatuyasikii.

Kabla ya kuifikia barabara kuu kulikuwa na korongo la mto mkavu, na hapo ndipo mchanga ulipotukamata. Dereva wetu, kijana wa umri wangu, alikanyaga mafuta kwa hasira na magurudumu yakazidi kuzama. Babu yangu aliupiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Zima!" alifoka. "Zima hiyo! Unajichimbia shimo!"

Kumbe wakati wa vita, kule Bama, Asia, alikuwa dereva wa malori ya chakula, na alikuwa ameyatoa kwenye tope la kufika magotini. Palepale mambo yakageuka. Sisi tulioletwa kuwaangalia wazee tukawa ndio tunaotumwa. Mmoja apunguze upepo kwenye matairi, wengine wakate matawi, mimi nichimbe mchanga kwa mikono. Tulisukuma, lori likapanda kidogo, likateleza tena. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linazunguka bure.

Babu alisimama akalitazama. Kisha akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalitandika chini ya tairi.

"Babu, koti lako!"

"Lilikuwa la Mfalme, mwalimu. Nalo lijitolee leo."

Lori liliguruma, likatoka. Koti lilichanika vipande viwili, na yeye hakugeuka kulitazama. Alipanda nyuma ya lori akiwa na shati lenye viraka, akaendelea na wimbo pale alipouachia.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Tulipofika kwenye mnara wa mashujaa, wakubwa walikuwa wamekwisha ondoka na vijana walikuwa wakipanga viti juu ya gari. Wazee waliteremka, wakajikung'uta mchanga. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga, nikamwendea mpiga tarumbeta wa bendi aliyekuwa anafunga sanduku lake.

"Kaka, hawa wametoka mbali. Tunaomba uwapigie tena."

"Sherehe imekwisha, dada. Angalia, hata..."

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Wazee wote saba walikuwa wamekwisha jipanga mbele ya mnara, mstari umenyooka, mikono ubavuni. Hakuna aliyekuwa amewaamuru. Yule kaka alifungua tena sanduku lake.

Alipiga taratibu, hadi mwisho. Kina mama waliotoka mwaloni, kule ziwani, na beseni za dagaa walisimama, mtu wa baiskeli akashuka. Tarumbeta iliponyamaza, babu yangu alipiga hatua moja mbele na kuanza kuwaita kwa majina vijana wa kwetu waliobaki Bama. Kila jina alilolitaja, wenzake waliitikia kwa pamoja, "Yupo!" Mimi, ambaye kila asubuhi nilikuwa naita majina darasani, nilisimama pale nikilia waziwazi.

Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Haya," akasema. "Sasa nina njaa. Na viazi vyako sivitaki. Hapa mjini kuna ile barafu tamu ya maziwa? Niliila Kolombo tukienda vitani, sijaila tena."

Tuliuliza mpaka tukapata hoteli ya Mhindi mmoja karibu na ziwa. Wazee saba wa Keya walikaa kwenye meza moja wakalamba aiskrimu kama watoto, wakichekana kwa masharubu meupe. Babu aliagiza nyingine amfungashie mkewe. Mwenye hoteli alimweleza kwa upole kwamba ingeyeyuka njiani, hata Kisesa isingefika.

"Basi ataifuata mwenyewe," babu akasema, akanigeukia. "Mwalimu, mwambie katibu. Mwakani na wake zetu."

Nilimwambia katibu, naye akakubali. Mwaka uliofuata lori lilijaa kanga na vigelegele, tukafika mapema kuliko wakubwa wenyewe. Baada ya sherehe tulikwenda moja kwa moja kwa yule Mhindi. Bibi alichota kijiko cha kwanza, akafumba macho, akashika shavu.

"Inauma meno," akasema. "Ndiyo hii uliyonisifia miaka yote?"

Babu alinyoosha mkono ammalizie. Bibi alikivuta kibakuli upande wake, akaendelea kula.