Kikapu Kisichotoa Moshi

Mtoto wa kaka yangu yuko Dar es Salaam, anabuni vitu vya kwenye simu. Juzi alinipigia kunieleza kwamba siku hizi dunia imeamka. Mbunifu hajifungii tena ofisini na kuwatungia watu maisha. Anakwenda kwao kwanza, anakaa, anasikiliza, anajiuliza hicho anachokibuni kitawafanyia nini watu na misitu yao. "Ni mtazamo mpya kabisa, shangazi," aliniambia. Nikampa hongera zake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mtazamo huo mpya mimi niliuvalia fulana na kofia kule kwenye kambi ya Benaco, miaka ile ya wakimbizi, tena kofia yenyewe ilikuwa kubwa mpaka inanifunika macho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu nyumbani Murukulazo, nachambua maharage na kumkera mama. Ghafla kambi ikaota ng'ambo ya vilima, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona, na mashirika yakaanza kutafuta vijana. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini Kihangaza changu na Kinyarwanda cha wakimbizi vilikaribiana kiasi cha watu kutaniana bila mkalimani, nami nilikuwa na mdomo. Nikaajiriwa kufundisha kupika.

Mama alicheka akashika mbavu. "Wewe? Kupika?"

Kwa kweli sikufundisha kupika, nilifundisha kutokupika. Kuni zilikuwa zimekuwa janga. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vipara, na wenyeji walipenda kusema ni wakimbizi waliovinyoa, ingawa nawajua majirani zetu kadhaa waliokata miti ya kwao wenyewe wakaipeleka sokoni kambini kwa baiskeli. Bosi wangu, mzungu mmoja mrefu aliyesomea ubunifu huko kwao, alikuja na dawa: kikapu. Unachukua kikapu kikubwa, unakitandika majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Unachemsha maharage motoni kwa muda mfupi tu, unaepua chungu kikiwa bado kinatokota, unakizika humo kikapuni, unakifunika gubigubi, unakwenda zako shamba. Maharage yanajiivisha yenyewe kwa joto lake. Ukirudi, yameiva, na bado ya moto.

Bosi aliamini katika kusikiliza. Kila wiki tulikaa ndani ya hema, tukabandika ubaoni vikaratasi vya rangi: cha kijani faida, cha njano hasara. Kisha tukaingia kambini kuwasikiliza akina mama, na akina mama wakatusikilizisha kweli. Wengine walikisifu kikapu mno, tukafurahi, mpaka tulipofunua baadhi tukakuta humo wamevundika ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi. Zilikuwa zimeiva vizuri ajabu. Bosi akaandika kikaratasi cha kijani.

Basi mwisho wa wiki moja nikampelekea bibi kikapu kimoja, na hapo ndipo nilipoingiza familia yetu matatani.

Bibi, mama yake baba, aliishi peke yake kwenye kilima kinachotazamana na chetu. Katikati kulikuwa na bonde lenye matete, na kijia cha kuvukia juu ya magogo. Babu alikuwa amekwisha fariki. Baba, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa wasiwasi, alitaka bibi ahamie kwetu. Nyakati zilikuwa zimebadilika, alisema, barabarani wanapita watu wasiojulikana, na bibi alikuwa ameteleza kisimani akakaa na mguu umevimba bila mtu kujua. Bibi hakutaka hata kusikia. Ile nyumba aliingia akiwa bibi harusi, kaburi la mumewe liko nyuma ya migomba, na kwa mkwewe, yaani mama yangu, alisema chai inatiwa sukari kidogo kidogo kama dawa ya minyoo.

Baada ya kuvutana sana wakafikia mapatano. Jiko la bibi lilikuwa la nyasi, na kila asubuhi moshi ulipenya kwenye paa ukaonekana kutoka kwetu, hata bonde likiwa limejaa ukungu. Kwa hiyo bibi angebaki kwake mradi moshi unaonekana. "Siku nisipouona," baba alimwambia, "nakuja kukuchukua, wewe na kuku wako." Bibi akasema sawa.

Tangu hapo baba alipigia mswaki uani, akikodolea macho kile kilima. Moshi ukitoka anasema, "Mama kaamka," anatema povu, anaingia ndani kuvaa. Mapatano yalifanya kazi vizuri sana. Ndipo nikaleta kikapu.

Bibi alikipenda siku ileile. Alikuwa anachemsha maharage yake jioni giza likianza kuingia, anayazika kikapuni, na asubuhi anakula chakula cha moto bila kugusa kuni. Bila kugusa kuni maana yake bila moshi. Asubuhi ya kwanza baba alikiangalia kile kilima na mswaki mdomoni, akaangalia tena, kisha akatimua mbio bondeni na shati la kulalia. Mama alimpigia kelele avae viatu. Alifika kule analia, hilo alinisimulia bibi mwenyewe, baba hajawahi kulikiri.

Alimkuta mama yake anafagia uwanja.

"Shikamoo mama," alisema, akihema.

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo? Kaa ule."

Akapewa maharage na viazi, vyote vya moto, jikoni majivu baridi. Alirudi nyumbani ameshiba na amekasirika, na hasira zote zikaniangukia mimi. Alinipa chaguo: ama nitafute njia nyingine ya kumwonyesha kwamba bibi mzima, ama shule zikifungwa bibi anahama, kwa sababu yeye hawezi kuvuka bonde kila siku kabla ya kengele. Nilimwambia bibi arudi kuwasha moto asubuhi. Bibi akashika kiuno. "Kwa kuni zipi? Si nyie mnaosema kuni zimekwisha?" Na kweli, mshahara wangu ndio uliokuwa unasema hivyo.

Niliogopa. Nilimwona bibi amekaa kwenye sebule yetu na mfuko wa nguo zake miguuni, ametulizwa kama mgonjwa, na kosa ni langu. Nikaamua nitabuni ishara.

Nilianza na turubai la bluu, yale ya kambini waliyoyaita shitingi. Bibi alitakiwa kulitandaza juu ya ua kila akiamka. Niliporudi kutoka kambini mwisho wa wiki, halikuwepo. "Mbuzi kalitafuna," alisema bibi. Nikasema mbuzi gani anatafuna turubai. Akasema mbuzi wa siku hizi.

Nikaleta bati la kopo la mafuta ya kula, nimelinyoosha na kulisugua mpaka likang'aa, alitundike mlangoni jua lilipige, baba aone mmeto. Alilitundika ndani, juu ya kitanda, ajitazamie meno. Nikaleta kopo lingine na mchi mdogo ili alipige kama kengele. "Mimi siyo shule," alisema, na kopo akaloweka humo pumba za kuku.

Bosi alipendezwa sana na habari hizi. Aliniambia mtumiaji hakosei, kosa liko kwenye ubunifu. Nilitamani aje amweleze baba yangu.

Baba naye, kila asubuhi, bonde. Mwanzoni alikwenda akinung'unika, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kisha akaanza kubeba chumvi. Kisha madaftari ya wanafunzi, asahihishe akiwa huko huko wakati bibi anapakua. Mama alilalamika kwamba mumewe hanywi tena chai ya nyumbani, na kwamba anarudi na habari za watu waliokufa zamani, za ng'ombe fulani aliyeingia kanisani, za babu alivyokuwa anacheza ngoma. Mimi sikuyatilia maanani. Nilikuwa nahesabu tu kwamba shule zinakaribia kufungwa na sina ishara.

Wiki ya mwisho nilikwenda kwa bibi na wazo jipya, kamba ndefu yenye vitambaa. Bibi alikuwa kisimani. Nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta mti wa kufungia kamba, na pale, kati ya ukuta na migomba, nikaliona turubai langu. Zima, halina hata alama ya jino. Lilikuwa limefunika kitu. Nikalifunua.

Zilikuwa kuni. Kuni kavu, matawi ya mikaratusi ya babu, zimekatwa na kupangwa vizuri mpaka chini ya paa. Zingetosha kutoa moshi kila asubuhi hadi mvua zije na ziondoke.

Nilikuwa bado nimelishika lile turubai aliporudi na ndoo yake. Hakushtuka wala kutahayari. Aliitua ndoo, akaniangalia.

"Mke mwenzangu," alisema, hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, "funika. Zitalowa."

"Bibi, wewe una kuni!"

"Ninazo."

"Basi kwa nini usiwashe? Unajua baba atakuhamisha?"

Alikaa kwenye kigogo, akanyoosha ule mguu uliowahi kuvimba. "Wewe unadhani baba yako peke yake ndiye alikuwa anaangalia? Macho yangu hayaoni sindano, lakini mbali yanaona. Nilikuwa nawasha moto, natoka nje, nasimama hapo. Namwona mwanangu uani kwenu. Anauona moshi, anageuka, anaingia ndani. Kila siku namwona mgongo tu."

Nilikaa chini karibu naye. Nilijisikia kulia na kucheka kwa pamoja, nikafanya yote mawili. Yeye alinipigapiga begani, akaniuliza kama kambini nawasumbua watu hivi hivi.

Kamba nilirudi nayo. Kambini bosi alitaka tathmini ya kikapu kutoka kwa kila mmoja wetu, tuseme ukweli, faida na hasara. Nilisimama mbele ya ubao nikasema hasara moja tu: hakitoi moshi. Alifikiri nimechanganya maneno, akaiandika kwenye kikaratasi cha kijani.

Shule zikafungwa. Asubuhi hiyo nilivuka bonde pamoja na baba nikiwa na wasiwasi, kwa sababu hakuwa amesema lolote kuhusu kuhama wala kutohama. Jikoni kwa bibi kulikuwa baridi na safi. Bibi alifunua kikapu, mvuke ukapanda, akampakulia mwanawe kwanza. Tulikula. Kuku wakaingia na kutoka. Baba hakuwa na daftari lolote la kusahihisha, lakini alikaa vilevile, amevua viatu vyenye tope, ameegemea ukuta.

"Eti mke mwenzangu," bibi aliniuliza, akinitazama usoni bila kupepesa, "ile dawa yako ya kumwonyesha baba yako kwamba mimi mzima, hujaipata tu?"

"Bado, bibi," nilisema. "Natafuta."

"Achana nayo," alisema baba, mdomo umejaa maharage. "Njia nimeshaizoea."