Glasi ya Maji kwenye Goti la Bimkubwa

Bimkubwa hakuwa akipanda gari bila glasi ya maji. Si ya kunywa. Ilikuwa glasi ya kioo kinene, imejazwa karibu pomoni, naye aliiweka juu ya goti lake la kulia, akaishika kwa vidole viwili, kisha akasema, "Haya, twende." Kuanzia hapo mpaka mwisho wa safari, dereva wake hakuwaza mke, watoto wala njaa. Aliwaza glasi.

Kabla yake alikuwapo dereva mwingine aliyependa mwendo. Huyo alilirusha gari kwenye tuta, na Bimkubwa aliyekuwa amekaa nyuma akatua vibaya, akavunjika nyonga. Wakamtia vyuma. Nyonga ikapona nusu, na tangu siku ile kila mtikisiko ulimpa maumivu ya kusaga meno. Mwanzoni watu walimwonea huruma. Baadaye waliona kwamba maumivu yenyewe hayakumsumbua sana kama kukosa mtu wa kuyalipia, na huruma ikaisha.

Mtu wa kuyalipia akapatikana: dereva mpya, mfupi, mabega yameshuka, sauti ya chini, mtu wa kukubali tu. Masharti aliambiwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata funguo. Maji yakimwagika, yatakayobaki kwenye glasi atamwagiwa kisogoni papo hapo, gari likiwa linatembea, wala asijifute. Mwaka wa kwanza kola yake haikukauka. Mafundi wa gereji walipomwona amelowa mgongo huku jua linawaka, wakampachika jina la Bwana Tone. Jina likamganda. Hata mkewe alilitumia akiwa na hasira.

Ungeuliza kwa nini hakuondoka. Nyuma ya nyumba ya Bimkubwa palikuwa na chumba na kijisebule, mlango wa mbao, bomba la maji nje. Humo ndimo alimoingia na mkewe, humo watoto wao walimokulia mpaka wakaenda kujitegemea, kila mmoja na dhiki zake. Kazi na chumba vilikuwa kitu kimoja. Ukitoka kwenye usukani, unatoka na kitanda chako.

Basi akajifunza. Gari lilikuwa refu, zito, viti vya ngozi, springi laini kama godoro. Gari laini lina hila zake. Kwenye mashimo linakubembeleza mpaka unasinzia, lakini kwenye kona mwili wake wote unaegemea nje, na ukiukata usukani kwa pupa unalala upande mmoja, ukiurudisha kwa pupa unajitupa upande wa pili, na maji nayo yanafuata. Bwana Tone akagundua kwamba gari la namna hiyo halitaki kuamrishwa. Linataka kuombwa. Unazungusha usukani kidogo mapema, unangoja mwili uegemee na kutulia, ndipo unaongeza. Kutoka kwenye kona ni vilevile. Kwenye tuta unakanyaga breki ukiwa bado mbali, halafu unaiachia tairi likikaribia kugusa, ili pua ya gari iwe inapanda badala ya kuinama. Akafika mahali miaka ikapita bila tone kuanguka, na Bimkubwa hakumsifu hata siku moja. Alichokifanya ni kuanza kuijaza glasi zaidi.

Gari likazeeka mikononi mwake. Shokapu zikafa, zile za kulizuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya tuta, likawa linanesa kama kitanda cha kamba. Mipira ya bushi, ile ya kwenye viungo vya chini, ikasagika. Usukani ukalegea: unauzungusha na chini magurudumu bado yamelala, unaongeza, yanaamka kwa ghafla. Dereva mwingine angeingia mtaroni siku hiyohiyo. Bwana Tone aliuzoea ugonjwa kidogokidogo, jinsi ulivyokuja kidogokidogo. Mikono yake haikutulia kamwe. Hata barabara ikiwa imenyooka alikuwa anavuta huku na huku, na kona aliianza kabla haijafika, akimeza ule ulegevu wote kwanza ili gari liitikie kwa wakati.

"Hili gari unaliendesha au linakuendesha?" fundi alimwuliza, amelala chali uvunguni mwa gari.

"Tunaelewana."

"Mwambie mama yako anunue shokapu na tairodi. Hiki chuma kinachoshika gurudumu kimebakiza sala. Kikichomoka, mtaelewana na mtaro."

Akamwambia. Alichagua asubuhi ambayo Bimkubwa alikuwa ameamka vizuri, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Bimkubwa, usukani umelegea. Na shokapu zimekwisha."

"Jana maji yalimwagika?"

"Hapana, Bimkubwa."

"Juzi?"

"Hapana."

"Basi gari ni zima. Na wewe ukae kwenye udereva, ufundi uwaachie wenyewe."

Alirudi tena mara nyingi, na kila mara aliulizwa swali lilelile. Mkewe, mwanamke mwenye ulimi mkali na akili ya haraka kuliko yake, akamwambia, "Baba watoto, wewe ndiye unayeuficha ubovu wa gari. Mmwagie siku moja tu aone. Utalowa shingo, utatengenezewa gari."

Alijaribu kweli. Kwenye kona ya soko alinuia kuyaacha mambo yaende yenyewe, na mikono ikakataa. Ilianza kona mapema, ikameza ulegevu, ikangoja, ikaongeza. Maji yakatulia kama yamegandishwa. Alirudi nyumbani ameaibika, hakumwambia mkewe kitu.

Ndipo akaja mtoto wa kaka yake Bimkubwa. Alikuwa mtu mzima, ameachishwa kazi ya kuuza simu, ana manukato makali na kicheko cha karibu. Alikuja kumsalimia shangazi akabaki. Wiki haijaisha akachukua funguo za gari kwenda mjini peke yake, akarudi kwa miguu, uso umempauka, gari akiwa ameliacha limekaa upande kwenye mtaro wa mzunguko.

"Shangazi, lile si gari, ni jeneza," alisema. "Unazungusha usukani, halisikii. Unaongeza, linaruka. Unakaaje humo?"

Bimkubwa hakumwuliza habari za maji. Akamwambia kijakazi ampe chai ya sukari nyingi. Kesho yake gari likakokotwa hadi gereji. Shokapu mpya zote, springi mpya ngumu kidogo, bushi mpya, tairodi mpya. Yale aliyoyaomba Bwana Tone tangu mtoto wake wa mwisho yuko shule, mpwa aliyapata kwa kikombe cha chai.

Bwana Tone hakuweka kinyongo. Hilo ndilo lililomwuma mkewe baadaye, kwamba mume wake alifurahi. Gari liliporudi aliliosha mara mbili, akainama kwenye kila gurudumu na kuzitazama shokapu zile zinavyong'aa, akawa anatabasamu peke yake. Fundi alikuwa amemwambia, "Lizungushe kwanza, ulizoee. Hili sasa ni gari jingine." Alitaka, lakini funguo alikuwa nazo Bimkubwa.

"Halijaribiwi na mtu," alisema Bimkubwa. "Nitalijaribu mimi mwenyewe. Nataka kujua nani ananifaa. Huyu mtoto wa kaka yangu hana kazi, na mimi siwezi kuweka watu wawili kwa usukani mmoja."

Akaingia nyuma na glasi yake. Kwanza mpwa. Njia ilikuwa ileile wanayoipita kila mara: geti, lami, matuta, mzunguko, kisha kurudi. Bwana Tone na mkewe walisimama kando ya bomba wakingoja. Mke alikuwa na mashaka, mume hakuwa nayo. Alijua hakuna mtu mjini aliyeishi na glasi ile kama yeye. Mpwa aliendesha kama watu wanavyoendesha, si vizuri si vibaya, na gari lililotengenezwa likafanya yaliyobaki. Maji yalicheza, yakalamba ukingo, yakarudi. Bimkubwa aliitoa glasi dirishani ili wote waione.

Zamu ya Bwana Tone ikafika. Akakaa, akarekebisha kioo, akasikia nyuma yake lile neno, "Haya, twende."

Getini kulikuwa na kona. Mikono yake ikaianza mapema, ikavuta kuumeza ulegevu. Ulegevu haukuwapo. Gari liliitikia palepale, pua ikaielekea nguzo ya geti. Akaurudisha usukani kwa nguvu, nalo likaitikia tena palepale. Alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka, ya maji yakianguka kwenye kanga ya Bimkubwa. Kwenye lami iliyonyooka mikono ikaendelea na mchezo wake wa kuvuta huku na huku, na gari, tiifu kupita kiasi, likaenda huku na huku kama la mlevi. Alijua kosa lake. Alijiambia tulia, acha, usivute. Kichwa kilielewa, mikono haikusikia. Kwenye mzunguko glasi ilifika nusu.

Bimkubwa akammwagia ile nusu kisogoni. Hakufanya kwa haraka. Aliinamisha glasi kidogokidogo mpaka ikaisha.

"Miaka yote hii unaniambia gari bovu," alisema. "Kumbe ubovu ulikuwa umekaa kwenye kiti."

"Bimkubwa, mikono imezoea lile la zamani. Nipe siku chache. Nipe mzunguko mmoja tu, nitaliweza."

"Nyonga yangu si shule ya udereva."

Walipewa hadi Jumamosi wakihame chumba, kwa sababu mpwa alitaka rangi mpya ya kuta ikauke kabla ya kuingiza kitanda chake. Mkewe alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka aliposimama, akamtazama mumewe aliyekuwa ameketi juu ya ndoo.

"Umelililia lipone, umelililia," alisema, bila hata kupandisha sauti. "Haya, limepona."

Jumamosi Bimkubwa akaagiza wapelekwe na gari, majirani wasije wakasema amewatupa. Godoro likafungwa juu ya paa. Mpwa akashika usukani, Bwana Tone akafunguliwa mlango wa nyuma, mkewe akakaa kando yake. Miaka yote ile hakuwahi kukaa pale. Ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea umbo la Bimkubwa, na lile umbo halikumtosha.

Kabla ya kuondoka mpwa akageuka na glasi mkononi, imejaa.

"Shika, mzee. Tuone kama naiweza kazi yako."

"Mwache mtu," mke akasema.

"Mama, ni utani tu. Safari ndefu."

Bwana Tone akaipokea. Hakuwa amezoea kukataa kitu ndani ya gari lile. Akaiweka juu ya goti, vidole viwili, kama alivyoona kiooni. Wakalipita tuta la kwanza. Gari likazama mara moja, likainuka mara moja, likatulia, bila kunesa. Aliusikia utulivu ule chini ya mapaja yake, na kabla hajajizuia akafurahi. Fundi amefanya kazi ya maana, alijiwazia. Maji hayakuvuka ukingo.

Kisha ikaja kona ya soko. Mpwa alikuwa bado hajaugeuza usukani wakati mikono ya Bwana Tone ilipoianza. Ilivuta kushoto, mapema, ikimeza ulegevu usiokuwapo, na maji yote yakaja kwenye suruali yake.

Mpwa aliona kiooni. Alicheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.

"Mzee, hata ukiwa abiria?"

Mke aliichukua ile glasi mikononi mwa mumewe, akamimina matone yaliyobaki nje ya dirisha, akaifuta kwa upande wa kanga na kuichomeka kwenye kikapu cha vyombo, kati ya sufuria.

"Hiyo ni ya shangazi," mpwa akasema.

"Mwambie imemwagika."

Njia ilikuwa na kona nyingi. Mke alitazama mbele, lakini kila kona ilipokaribia aliiona kwa pembe ya jicho, mikono ya mumewe juu ya suruali iliyolowa ikitangulia kugeuka, haina kitu.